Barabara Inayopitika: Istilahi za Kupimia Uchukuzi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu

Tarehe 25 Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha ajenda ya maendeleo ya kufikia mwaka 2030, yenye malengo 17 na shabaha 169. Tangu wakati huo malengo hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili mara nyingi, katika vipeperushi, mabango ya ofisini, vitabu na hotuba, na jina la Malengo ya Maendeleo Endelevu limekwisha kuzoeleka masikioni. Jambo ambalo halijatafsiriwa kwa uangalifu wa namna hiyo ni vipimo vyake. Chini ya shabaha hizo kuna viashiria, ambavyo kwa jumla vinazidi 230, na kila kiashiria kina maelezo marefu ya kitaalamu yanayosema ni nini hasa kihesabiwe, nani ahesabiwe, na kwa kipimo gani. Maelezo hayo ndiyo yanayomfikia ofisa wa takwimu na mhandisi wa wilaya, nao mara nyingi hawana budi kuyageuza kwa Kiswahili papo hapo, kila mmoja kwa namna yake, wanapotaka jibu la mwananchi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno linalochaguliwa katika hatua hiyo hubadili hesabu yenyewe. Tumechukua mfano wa uchukuzi kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna hata lengo moja kati ya yale 17 linalohusu uchukuzi peke yake. Habari zake zimetawanyika katika malengo ya afya, ya miundombinu, ya miji na mengineyo, na kwa hiyo wafasiri wa idara mbalimbali hutafsiri jambo moja kwa maneno mbalimbali bila ya kujuana. Pili, barabara ni kitu ambacho wasemaji wa Kiswahili wana maneno yao ya kukielezea tangu zamani. Istilahi mpya haiangukii mahali patupu. Huangukia juu ya maneno yaliyokwisha kuwa na maana, na maana hizo haziondoki kwa sababu tu wataalamu wamekutana.

Lengo, shabaha na kiashiria

Tuanze na maneno matatu ambayo hatuwezi kusonga mbele bila ya kuyatenga. Katika tafsiri nyingi neno lengo hutumika kwa ngazi ya juu na kwa ngazi iliyo chini yake pia, na maneno kigezo na kipimo hubadilishana nafasi na kiashiria. Twaona yafaa lengo libakie kwa yale 17 tu. Shabaha iwe ni lile jambo lililo ndani ya lengo, lenye kiasi chake na, mara nyingi, tarehe yake. Kiashiria kiwe ni kile kinachohesabiwa ili ijulikane kama shabaha inakaribiwa au la. Kigezo ni kitu kingine: ni sharti la kuamulia, kama vile alama 50 zinavyoweza kuwekwa kuwa kigezo cha kufaulu mtihani. Kiashiria hakiamui neno, kinaonyesha tu.

Haja ya kutenga hivyo huonekana mara moja katika shabaha ya 3.6, iliyoagiza vifo na majeraha ya barabarani duniani vipunguzwe kwa nusu ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulipita na nusu hiyo haikupatikana. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatangaza muongo mpya wa usalama barabarani, 2021 hadi 2030, kwa nia ile ile ya kupunguza nusu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani katika mwaka 2021. Sasa mfasiri akiandika kwamba "lengo la 3 halikufikiwa", amewaambia wasomaji wake kuwa kazi yote ya afya imeshindwa, ilhali kilichopitwa na wakati ni shabaha moja.

Katika kiashiria hicho hicho kuna neno jingine la kuangaliwa, nalo ni kifo cha barabarani. Taarifa zetu za habari zimezoea kutofautisha waliokufa papo hapo na majeruhi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya, aliyefariki hospitali siku ya 12 kutokana na ajali ile ni kifo cha barabarani, na huendelea kuhesabiwa hivyo mpaka siku ya 30. Kwa hiyo fomu isiulize "waliokufa katika ajali" ikakomea hapo. Wapo wanaotaka hata neno ajali liachwe, kwa kuwa lina harufu ya kudra na kumwondolea dereva lawama. Twawaelewa, lakini mgongano hautufai, kwa sababu basi likipinduka lenyewe halikugongana na kitu. Ajali ibaki.

Yapitika kwa nani?

Kiashiria cha 9.1.1 hutaka kujua ni sehemu gani ya wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka kwenye barabara inayopitika mwaka mzima. Maneno "barabara inayopitika" ni Kiswahili safi, na hatuoni sababu ya kutafuta mengine. Mtu wa Kilwa na mtu wa Kigoma wote husema barabara inapitika au haipitiki, na kila mmoja huelewa. Tatizo limo ndani ya kauli yenyewe.

Kauli ya kutendeka, ile yenye kiambishi -ik- au -ek-, huonyesha hali ya kitu na kumwacha nje mtenda. Tukisema kitabu hiki chasomeka, hatujasema chasomwa na nani. Vivyo hivyo, tukisema barabara yapitika, hatujasema yapitwa na nini. Mwenyekiti wa kijiji akiulizwa katika mwezi wa Aprili kama barabara yao inapitika, hujibu kwa haki kabisa kwamba inapitika, kwa kuwa asubuhi ile ile ameona bodaboda mbili zikivuka tope, moja ikisukumwa na abiria wake. Lakini maelezo ya kiashiria hayazungumzii bodaboda iliyosukumwa. Yanataka barabara ipitike kwa chombo cha kawaida cha uchukuzi wa vijijini, ambacho mara nyingi ni pikapu au lori lisilokuwa na nguvu ya kusukuma magurudumu yote manne. Mwenyekiti hakusema uongo, ila swali halikumwambia aone chombo gani.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi kamili iwe barabara inayopitika kwa gari mwaka mzima. Kauli ya kutendeka haimkubali mtenda, lakini yakubali chombo kikiletwa na kihusishi kwa. Baadhi ya wafasiri hupenda kusema "majira yote", na maneno hayo si mabaya, ila majira hayahesabiwi sawa kila mahali. Wakazi wa pwani ya kaskazini wana masika na vuli, ambapo sehemu za kusini mvua huwa za msimu mmoja mrefu. Mwaka ni mwaka kwa wote.

Maelezo hayo yanaruhusu pia barabara ikatike mara chache, kwa muda mfupi, wakati wa mvua kubwa. Je, muda mfupi ni siku ngapi? Hayataji. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari ya kwenda na kutoka mikoa ya kusini yakakwama kwa siku kadhaa. Hiyo ni barabara kuu ya lami, wala hatudhani kuna mtu angeiondoa katika hesabu ya mwaka mzima kwa sababu ya siku zile. Lakini barabara ya udongo iendayo kijijini, ambayo hukatika kwa siku hizo hizo mara nne au tano kila masika, je? Hapo mfasiri hana mamlaka ya kujaza pengo. Analoweza kufanya ni kuandika "kwa muda mfupi" pale palipoandikwa hivyo, na kujizuia asiongeze wepesi kwa maneno kama "hukatika kidogo tu".

Ukubwa wa jambo hili unaweza kuonekana katika tarakimu. Benki ya Dunia ilipotoa mwaka 2016 hesabu ya nchi nane kwa njia mpya ya kutumia ramani, Tanzania ilipata asilimia 24.6, Kenya 56.0, Uganda 53.1, Zambia 17.0, na Bangladesh 86.7. Msomaji akiziona tarakimu hizo atadhani ni tofauti ya wingi wa barabara tu. Kwa kweli ni tofauti ya hali zake pia, kwa sababu njia hiyo haikuweza kumwuliza kila mwenyekiti wa kijiji. Ilichukua kumbukumbu za wahandisi, na barabara iliyoandikwa kuwa katika hali nzuri au ya wastani ikahesabiwa kuwa yapitika. Neno wastani hapa lina hatari yake. Kwa mhandisi ni daraja lenye mipaka iliyopimwa, chini ya nzuri na juu ya mbaya. Kwa msemaji wa kawaida ni kile kilicho katikati ya vyote, na mahali ambapo barabara zote ni mbaya, ile mbaya ya katikati nayo ni ya wastani. Katika Tanzania, ambako Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia mtandao unaozidi kilomita 140,000, neno moja likielewekwa vibaya na wajazaji wa fomu laweza kuwahamisha watu wengi kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine. Yafaa daraja hilo liitwe hali ya kuridhisha, na wastani uachwe kwa walimu wa hesabu.

Tena kuna zile kilomita 2. Ramani hupima kwa mstari ulionyooka. Kijiji kilicho ng'ambo ya mto usio na daraja, hata kama mtu hutembea saa mbili kulifuata daraja, kwa ramani kiko karibu. Kiashiria cha miji, tutakachokijia, hakipimi hivyo: chenyewe hufuata njia anayopita mtu kwa miguu. Kiswahili kina maneno mawili yanayoweza kulinda tofauti hii, nayo ni umbali na mwendo. Umbali ni nafasi iliyo baina ya vitu viwili, na mwendo ni ule anaokwenda mtu. Basi tuandike umbali wa kilomita 2 katika kiashiria cha vijijini, na mwendo wa mita 500 katika kile cha miji, wala tusiyachanganye kwa ajili ya kupamba sentensi.

Usafiri wa umma ni wa nani?

Kiashiria cha 11.2.1 chahusu wakazi wa mijini wanaoweza kuufikia kwa urahisi usafiri wa umma, wakichanganuliwa kwa jinsia, umri na ulemavu. Maneno mawili ya hapa yanataka maelezo.

Neno umma lina historia yake katika Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulizoea kusema mashirika ya umma, mali ya umma, viwanda vya umma. Na katika maneno hayo yote umma ni mwenye mali. Katika jiji la Dar es Salaam mabasi yalikuwa chini ya shirika la umma, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Daladala za watu binafsi zilizokuwa zikifanya kazi kinyume cha sheria ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983. Kwa sikio lililokulia katika lugha hiyo, usafiri wa umma ni usafiri wa serikali au wa shirika lake, na daladala, kwa kuwa ina mwenyewe, haimo. Ofisa mwenye sikio hilo akitakiwa kuchora vituo vya usafiri wa umma katika ramani ya mji wake atachora vituo vya mabasi ya mradi wa serikali na kuviacha vya daladala, kisha atashangaa kuona mji mzima hauna usafiri.

Maelezo ya kiashiria hayaulizi mwenye chombo. Yanasema ni usafiri ambao watu wasiojuana hupanda pamoja bila ya kupatana kabla. Teksi na basi la kukodi havimo. Kwa maana hiyo daladala imo. Bodaboda haimo, kwa sababu hupatana na mtu mmoja. Bajaji huwa imo au haimo kwa kutegemea kama inajaza abirIa njiani au imekodiwa. Kenya hawana shida hii: magazeti yao husema magari ya uchukuzi wa umma na kila mtu huelewa ni matatu na mabasi, ingawa ni mali ya watu binafsi. Tulifikiria usafiri wa hadhara ili kukwepa neno umma, lakini hadhara ni ya mikutano, na abiria hawakukusanyika kusikiliza hotuba. Twaonelea usafiri wa umma ubaki, kwa sharti kwamba kila fomu na kila kitabu cha mwongozo kiongeze maneno haya mara ya kwanza: bila kujali nani mwenye chombo.

Kuhusu kufikia kwa urahisi, jambo ni gumu kidogo kuliko linavyoonekana. Kipimo chenyewe ni mwendo wa mita 500 hadi kituo cha basi, au kilomita 1 hadi kituo cha chombo kikubwa kama treni au kivuko. Lakini katika Kiswahili kitu rahisi ni kitu chepesi na pia ni kitu cha bei ndogo. Mkazi wa Mbagala akiulizwa "Je, unapata usafiri kwa urahisi?" ana haki ya kujibu habari ya nauli. Na nauli nayo imetajwa katika shabaha ile ile ya 11.2, kwa neno lake peke yake, kuwa usafiri uwe salama, wa gharama zinazomudika, unaofikika na endelevu. Tukitumia urahisi kwa ukaribu tumemeza neno la gharama bila ya kujua. Twapendekeza kufikia kwa wepesi, na gharama ielezwe kwa kitenzi kumudu.

Hapa hatuna budi kutaja jambo la pembeni. Mabasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwezi Mei 2016 yana jina rasmi, Mabasi Yaendayo Haraka, na wananchi wakayaita mwendokasi, neno ambalo hadi siku hiyo lilikuwa likitajwa sana na polisi katika kueleza chanzo cha ajali. Jina la wananchi limeshinda. Mfasiri mwenye busara ataandika jina rasmi katika mkataba na mwendokasi katika dodoso.

Sifa nne za miundombinu

Shabaha ya 9.1 yataka miundombinu yenye sifa nne. Katika muhtasari wa Kiswahili sifa hizo hupunguzwa mara nyingi kuwa mbili, "bora na imara", na hasara inayopatikana si ya lugha peke yake. Miundombinu bora ni ile iliyojengwa kwa kufuata viwango. Ya kutegemewa ni ile ambayo mtu hupanga shughuli yake ya kesho akijua itakuwapo. Hizo mbili hazina ugomvi. Ugomvi umo katika endelevu na stahimilivu.

Neno -endelevu limeundwa kutokana na kitenzi endelea kwa kiambishi -vu, kama -tulivu kutokana na tulia na -vumilivu kutokana na vumilia. Uundaji huu hauna kasoro. Lakini sifa za namna hii humpa mwenye sifa tabia ya kutenda: mtulivu ni mwenye kutulia, mvumilivu ni mwenye kuvumilia, na kwa hiyo kitu endelevu husikika kuwa ni kitu chenye kuendelea tu. Ndiyo sababu tunasoma siku hizi juu ya "mafunzo endelevu" yenye maana ya mafunzo yasiyokoma, na "zoezi endelevu" la kusafisha mitaro lenye maana ya kila Jumamosi. Dhana iliyokusudiwa ni nyingine. Kwa mujibu wa ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, iliyotoka mwaka 1987, ni maendeleo yanayokidhi haja za watu wa leo bila ya kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi zao. Kuendelea kumo, lakini kilichobeba uzito ni kutowanyima.

Reli yatupa mfano wa kutenganisha maneno haya. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya miaka ya 1970 na 1975, ikasanifiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Madaraja na mahandaki yake yamesimama zaidi ya nusu karne. Reli hiyo ni ya kudumu, hakuna abishaye. Lakini mizigo yake ilipungua mno chini ya kiasi kilichosanifiwa, na matengenezo yakawa mzigo kwa wenyewe. Kudumu kwa chuma na zege hakukuhakikisha mapato ya kukitunza. Mfasiri aandikaye "reli ya kudumu" mahali pa "reli endelevu" amefuta swali zima la nani atalipa, kwa kiasi gani, na kwa kuharibu nini.

Stahimilivu nalo lina dosari yake. Mstahimilivu katika Kiswahili ni mtu anayebeba shida bila ya kunung'unika. Dhana ya wahandisi ni pana zaidi: ni uwezo wa kupigwa, kisha kurudi katika kazi upesi. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilimletea Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na kwa habari ya kupunguza muda wa safari na kuwaondoa watu katika foleni yaliyosemwa yalikuwa na msingi. Hata hivyo karakana ya mabasi hayo ilikuwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yaliingia humo mara kwa mara, huduma ikasimama, njia ya Jangwani ikafungwa. Usafiri ulikuwa endelevu kwa sifa moja na si stahimilivu kwa nyingine, bila ya kinyume chochote baina ya kauli hizo mbili. Lakini mwandishi akitumia imara kwa zote mbili atalazimika kuchagua ama kuisifu tuzo ama kuyataja maji. Tumelipokea stahimilivu kwa kuwa limeenea, nasi hupendelea kuongeza maelezo ya kurejea kazini mahali panapohitajiwa kipimo, yaani siku ngapi zilipita tangu kukatika hadi kupitika tena.

Usafiri na uchukuzi

Tangu mwanzo wa makala haya tumetumia neno uchukuzi kwa jumla ya mambo yote, na wasomaji wa Tanzania huenda wameona ni la Kikenya kidogo, kama walivyo wao Wakenya wanaposoma miundombinu mahali pa miundomsingi yao. Tumefanya hivyo makusudi. Usafiri hutokana na safari, na safari ina kuaga na kufika. Mwanamke anayekwenda kisimani mara tatu kwa siku hasafiri, wala hakuna atakayesema anasafirisha maji. Anachukua maji.

Katika miaka ya 1980 mradi mmoja wa uchukuzi wa vijijini, uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulifanya uchunguzi wilayani Makete, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Iringa. Matokeo yake yalijulikana mbali na mpaka wa Makete: sehemu kubwa ya uchukuzi wa kaya haikufanyika barabarani kabisa bali katika vijia, kwa miguu, kufuata maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, na mizigo mingi ilikuwa vichwani mwa wanawake. Hakuna barabara inayopitika kwa gari ambayo ingeupunguza mzigo huo peke yake. Daraja la miti juu ya kijito, kisima kilicho karibu, au mashine ya kusaga ndani ya kijiji vingeweza.

Uchunguzi wa namna ile ukitafsiriwa chini ya kichwa "usafiri na usafirishaji", mwulizaji atamwuliza mama wa nyumba amesafiri mara ngapi juma hili, naye atajibu hakusafiri. Jibu hilo litaandikwa sifuri. Akiulizwa amechukua nini, kutoka wapi hadi wapi, hesabu itaanza. Kwa sababu hiyo twapendekeza uchukuzi liwe neno la jumla katika viashiria vyote, usafiri libakie kwa mwendo wa watu, na usafirishaji kwa mizigo na abiria wanaopelekwa kwa chombo.

Kiashiria cha 9.1.2 hupima abiria na mizigo kwa kila aina ya uchukuzi. Tuseme aina, wala tusiseme njia, kwa kuwa njia ni pale panapopitwa. Kipimo chake cha mizigo ni tani-kilomita, tani moja ikichukuliwa kilomita moja. Tunaliandika kwa kistari na halibadiliki katika wingi: tani-kilomita moja, tani-kilomita elfu. Kiashiria hicho chahesabu reli, barabara, ndege na meli, wala hakina safu ya kichwa cha mtu, ingawa kipimo chenyewe hakikatai. Ndoo ya maji yenye kilo 20 ikichukuliwa kilomita 1 ni tani-kilomita 0.02. Safari 50 za kisimani, au kwa usahihi zaidi michukuo 50, hutimiza tani-kilomita moja.